Faida ya Tajiri na Jasho la Mkata Mkonge

Tangu tulipotangaza mazungumzo yetu ya Mei Mosi, barua na ujumbe mlioniletea vimekuwa vingi kuliko kawaida, na karibu nusu yake vinauliza jambo moja. Mmoja ameuliza kwa ukali, mwingine kwa upole, lakini swali ni lile lile: je, tajiri anaweza kupata faida bila kumnyonya mtu? Au yale tuliyofundishwa zamani yalikuwa kweli tupu, ila tumeamua kuyasahau kwa sababu yanatuudhi?

Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 tunaikumbuka ile picha. Bepari alichorwa na kitambi, kofia ndefu na sigara nene, na mirija ikitoka mdomoni mwake hadi mgongoni mwa mfanyakazi aliyekonda. Tukafundishwa maneno: kupe, kabaila, bwanyenye, mnyonyaji. Kisha likaja Azimio la Zanzibar mwaka 1991, mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, na yule yule aliyeitwa mnyonyaji akaanza kuitwa mwekezaji. Kitambi hakikupungua. Kilichobadilika ni namna ya kumsalimia.

Basi leo tuache matusi, tuache na sifa, tuitazame hesabu yenyewe.

Chukua mfano wa fundi cherahani aliyeajiriwa katika karakana ya kushona mashati. Tuseme anafanya kazi saa 10 kwa siku. Mashati anayoyashona yakiuzwa, mwenye karakana anatoa kwanza gharama ya kitambaa, uzi, vifungo, umeme, kodi ya chumba na uchakavu wa cherahani. Baada ya kutoa vyote hivyo, tuseme zinabaki shilingi 40,000. Katika hizo, fundi analipwa 12,000. Tajiri anabaki na 28,000.

Mjerumani Karl Marx, katika kitabu chake kikubwa kuhusu mtaji kilichotoka mwaka 1867, aliitazama hesabu ya namna hii na kusema hivi: cherahani haliwezi kuongeza thamani yoyote lenyewe, na kitambaa hakijishoni. Aliyeongeza ni fundi. Kama ameongeza 40,000 kwa saa 10 na kulipwa 12,000, maana yake saa tatu za mwanzo amefanya kazi kwa ajili ya tumbo lake, na saa saba zilizobaki amemfanyia tajiri bure. Hiyo Marx akaiita thamani ya ziada. Sifa ya hoja hii ni kwamba haihitaji tajiri awe mwizi au katili. Anaweza kuwa mcha Mungu, anayelipa mshahara tarehe ile ile aliyoahidi na kuhudhuria misiba ya wafanyakazi wake. Zile saa saba zipo pale pale. Na kwa taarifa yako, rafiki mkubwa wa Marx, Friedrich Engels, alikuwa mbia katika kiwanda cha nyuzi mjini Manchester, na faida ya kiwanda hicho ndiyo iliyomlisha Marx miaka yote aliyokuwa akiandika mambo haya kule London. Wapo wanaocheka wakisikia hivyo. Mimi naona Engels alijua vizuri kuliko wengi faida inatoka wapi.

Upande wa pili nao una majibu, na si majibu ya kupuuzwa. Mchumi wa Austria, Eugen von Böhm-Bawerk, alimjibu Marx mwaka 1896, na kiini cha hoja yake ni muda. Fundi analipwa leo jioni. Shati litauzwa baada ya miezi mitatu, au halitauzwa kabisa. Tajiri amesubiri, na kusubiri kuna bei yake. Muulize yeyote aliyewahi kukopa. Ongeza hapo kwamba tajiri ndiye aliyeweka fedha zake zikaweza kupotea, ndiye aliyetafuta wateja, na ndiye anayelala macho wazi soko likianguka. Kwa hiyo zile 28,000 si za bure: kuna malipo ya kusubiri, malipo ya hatari na malipo ya akili ya biashara.

Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Nimewaona watu wakiuza nyumba ili waanzishe kiwanda kidogo cha sabuni, na kiwanda kikafa na nyumba ikaenda. Mfanyakazi wa kiwanda hicho alipoteza kibarua, lakini hakupoteza nyumba.

Hata hivyo, kuna swali ambalo pande zote mbili hulipita haraka, nalo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Kwa nini fundi amekubali 12,000? Kwa nini si 20,000, au 30,000? Malipo ya kusubiri na ya hatari yanaeleza kwa nini tajiri apate kitu. Hayaelezi kwa nini mgawanyo uwe ule na usiwe mwingine. Ili tuone jibu, hatuna haja ya kwenda Manchester. Twende Tanga.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche aliyoiagiza kutoka Florida ilikuwa 1,000. Iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa zao hilo. Mkonge hauhitaji mvua nyingi, lakini unahitaji watu. Jani moja katika mia, kwa uzito, lina singa kiasi cha sehemu nne tu. Sehemu 96 ni maji na takataka. Kwa hiyo lazima yakatwe majani mengi mno, yafungwe, yabebwe, yafikishwe korona kabla hayajakauka, yakamuliwe, singa zianikwe, zipigwe brashi. Kila jani lina mwiba nchani. Hakuna mtu aliyeamka kwao asubuhi akasema moyo wake unatamani kukata mkonge.

Na kwa kweli hawakutaka. Hilo ndilo jambo lililowasumbua Wajerumani na Waingereza waliowafuata. Ardhi ilikuwapo, mtaji uliletwa, mashine zilifika, watu hawakuja. Mtu alikuwa na shamba lake la mtama, mbuzi wake na ukoo wake, akaona ujira unaotolewa haulingani na taabu. Kwa lugha ya soko, mashamba yangepaswa kuongeza ujira mpaka watu waje. Yaliyotokea ni mengine. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda, rupia tatu. Waingereza nao wakaendeleza kodi ya kibanda na kichwa. Fedha ya kodi haioti shambani. Asiye na zao la kuuza ilimlazimu akauze mikono yake.

Hapo ndipo walipopatikana manamba, watu waliopewa namba kama magunia. Walitoka Songea, Ubena, Kigoma, Singida, na wengine walivuka mpaka kutoka Rwanda, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya watu, kikajulikana kama SILABU, kilichowasafirisha kwa magari na treni hadi kambini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipozitwaa nchi za Asia zilizokuwa zikilima nyuzi za namna hiyo, serikali ya kikoloni haikuona haya kuwachukua watu kwa nguvu ya sheria na kuwapeleka mashambani. Kambini mfanyakazi alipewa kipande chenye nafasi ya siku 30. Siku ambayo hakumaliza ngwe aliyopimiwa, mnyapara hakuitia alama, na siku hiyo ilikuwa kama hakuifanyia kazi. Mshahara wa mwezi ulikuja kipande kilipojaa, si mwezi ulipokwisha.

Sasa angalia jambo moja kwenye ile orodha ya mikoa. Mchaga hayumo. Mhaya hayumo. Je, ni kwa sababu walikuwa wavivu, au walikuwa na damu tofauti? La hasha. Kilimanjaro na Bukoba kulikuwa na kahawa ya wenyeji wenyewe. Mwenye miti yake ya kahawa alilipa kodi kwa kahawa, akasomesha mtoto kwa kahawa, na mwajiri wa mkonge alipopita kutafuta watu hakuwa na la kumwambia. Masetla walilijua hilo kuliko sisi. Kilimanjaro walipinga Waafrika kulima kahawa, na wakulima wakalazimika kuunda umoja wao mwaka 1925 ili kujilinda. Kenya walifanikiwa zaidi: Waafrika walizuiwa kulima kahawa bora hadi miaka ya 1930, tena ilianza kwa majaribio madogo Kisii na Meru, na kwa wengi ruhusa haikupatikana mpaka miaka ya 1950. Sababu zilizotajwa hadharani zilikuwa magonjwa ya mimea na ubora wa zao. Sababu nyingine, ambayo nayo haikufichwa sana, ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hatatoka kwenda kulima ya mwingine.

(Nisije nikaonekana nawapamba watu wa kahawa. Bukoba wenye mashamba nao waliajiri vibarua kutoka Burundi, Rwanda na Buha, na malipo yao hayakuwa ya kutajwa kwa fahari. Anayeweza kukataa kunyonywa si lazima akatae kunyonya.)

Kutoka Tanga mpaka Mombasa si mbali, nami nataka tuvuke kwa sababu bandarini kuna fundisho jingine. Leo tukisema kibarua, tunamfikiria mtu dhaifu kuliko wote: analipwa kwa siku, hana likizo, hana uhakika wa kesho. Lakini makuli wa Mombasa wa miaka ya 1930 na 1940, hasa wenyeji wa pwani, wengi wao waliupenda ukibarua. Walikuwa na mihogo na minazi yao. Walikwenda gatini siku walizotaka, wakapata fedha ya kodi na nguo, wakarudi shambani. Siku wakikasirika, mgomo haukuwaua njaa. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa mji ule waligoma, si bandarini tu bali relini, hotelini na majumbani mwa wazungu. Kila siku walikusanyika katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Mji ulisimama kwa siku 12. Baadaye iliundwa baraza la usuluhishi na mishahara ikapanda. Septemba mwaka ule ule makuli wa Dar es Salaam nao wakagoma, na mgomo ukapanda juu kwa kufuata njia ya reli.

Serikali na wenye makampuni walijifunza kwamba kibarua mwenye shamba ni mtu wa hatari, maana hana la kupoteza. Katika miaka ya 1950 wakaanza kuwaandikisha makuli, kuwapa kazi ya kudumu na mshahara wa kulisha familia mjini. Hilo lilikuwa jambo jema kwa mfanyakazi, nami sikatai. Lakini lilimfanya awe mtu wa mshahara tu. Mtoto wake na mjukuu wake wamezaliwa mjini, mihogo haipo tena, na leo mjukuu akisimama getini alfajiri kama kibarua, si yule kibarua wa babu yake. Jina ni moja, nguvu ni tofauti.

Turudi Tanga, maana hadithi ya mkonge haijaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 manamba nao walipata chama chao cha wafanyakazi, wakagoma, ujira ukapanda. Baada ya Uhuru serikali mpya ikaweka kima cha chini cha mshahara. Wenye mashamba walilia kwamba watafilisika. Je, walifilisika? Mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 200,000, kiwango cha juu ambacho hatujakirudia. Walichofanya ni kupunguza watu na kuwatumia vizuri zaidi waliobaki. Kwa hiyo ule ujira mdogo wa zamani haukuwa sharti la biashara kuwapo. Ulikuwa mdogo kwa sababu uliwezekana kuwa mdogo. Lakini tuseme na upande wa pili: maelfu waliopunguzwa walirudi kwao mikono mitupu, na hakuna chama kilichowagomea. Kisha kamba za nailoni na plastiki zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaporomoka, na hapo mwenye haki na asiye na haki waliumia pamoja.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba hayo. Bepari akaondoka. Kama unyonyaji ulikuwa unakaa katika mfuko wa bepari peke yake, ulipaswa kuondoka naye kwenye meli. Lakini korona ilikuwa ile ile na miba ile ile. Shirika la umma nalo lilipaswa kuuza kwa bei kubwa kuliko mshahara liliolipa. Tofauti ilikwenda kwenye hazina, kwenye shule na zahanati kwa kiasi fulani, na kwa kiasi fulani kwenye gari la meneja. Kabla ya hapo, mwaka 1964, vyama huru vya wafanyakazi vilikuwa vimevunjwa na kuundwa NUTA, chini ya mkono wa serikali, na mgomo ukawa karibu na uhaini. Mwongozo wa TANU ulipotoka mwaka 1971 ukikemea ubwana wa viongozi, wafanyakazi wa mashirika mbalimbali waliuchukua kama silaha, wakawafungia nje mameneja wao, wakiwamo wa mashirika ya umma. Hawakuwa wakimgomea bepari. Walikuwa wakimgomea mtu ambaye hawakuweza kumkatalia. Mwisho wa miaka ya 1980 mkonge wote wa nchi haukufika tani 40,000.

Mtaniuliza sasa nimesimama wapi. Nimesimama hapa. Ubepari hauwezi kuishi bila ile tofauti kati ya 40,000 na 12,000. Siku tofauti hiyo ikiwa sifuri karakana inafungwa, na hata ushirika wa mafundi wenyewe ungehitaji kubakiza kitu cha kununulia cherahani jipya. Kuita kila faida unyonyaji ni kulifanya neno hilo lisiwe na maana. Lakini historia ya mkonge inanizuia kusema, kama wanavyosema siku hizi, kwamba mkataba ni hiari ya watu wawili na mengine ni wivu. Ubepari wa hapa kwetu haukuwakuta wafanyakazi. Uliwatengeneza, kwa kodi, kwa kipande na kwa kuwanyima kahawa. Unategemea wawepo watu ambao hawana kwingine. Kadiri wanavyokosa kwingine, ndivyo 12,000 inavyoweza kuwa 8,000, pasipo kiboko wala matusi, tajiri akiwa anatabasamu. Na kadiri wanavyokuwa na kwingine, iwe shamba, ufundi, chama au sheria inayouma, ndivyo inavyoweza kuwa 20,000, na karakana ikaendelea kushona.

Kwa sababu hiyo, waliouliza kuhusu vijana wao wanaolipwa kwa siku mwaka wa tano na wa sita katika kiwanda kimoja, nawajibu kwa sheria, si kwa falsafa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo inasema kwamba mtu aliyemfanyia kazi mwingine kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haisemi mpaka apewe kitambulisho cha kampuni. Inasema saa alizofanya. Kwa hiyo aandike daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la msimamizi wa zamu, kiasi alicholipwa, na ujumbe wa malipo ya simu asiufute. Akiachishwa isivyo haki, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine yana siku 60. Wengi wanaofika pale na kurudishwa hawakukosa haki, walikosa tarehe.